Majina Waliyopachikwa Waserbia: Nani Aliyaita, na kwa Manufaa ya Nani?

Katika semina moja ya makada niliyoiongoza, mada yetu ilikuwa harakati za ukombozi katika nchi za Balkani. Nilipofika kwenye maasi ya wakulima wa Serbia ya mwaka 1804, kijana mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Ndugu Mkufunzi, nimesoma kwamba jina Serbia latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtumwa. Je, watu hawa walijiita watumwa wao wenyewe?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na aliyeandika jibu lake potofu alikuwa Kaisari.

Siku ile nilimjibu kwa ufupi kwamba si kweli, tukaendelea na somo. Baadaye niliona kuwa jibu fupi lilimwacha kijana yule palepale alipokuwa. Wazee wetu wa Chama waliujua mji wa Belgrade kwa mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika huko Septemba 1961, na kwao watu wa huko walikuwa Wayugoslavia tu. Kizazi cha baada yao kilianza kusikia majina Mserbia, Mkroati na Mbosnia katika taarifa za vita, baada ya Yugoslavia kusambaratika kuanzia mwaka 1991. Hivyo kada wa leo hukutana na majina hayo yakiwa tayari yamejaa damu, na hana habari yalitoka wapi.

Tuelewane tangu mwanzo juu ya jambo moja. Mtu wa nje anapoliandika jina la watu wengine katika daftari la kodi, katika orodha ya askari au katika waraka wa kanisa, huwa ana haja nao. Anataka ngano yao, au mikono yao, au vijana wao wafe mpakani kwa niaba yake, au roho zao zihamie katika dhehebu lake. Kwa hiyo swali la kwanza la mwanahistoria wa upande wa wanyonge si kwamba jina hili maana yake nini. Swali ni kwamba aliyelitamka alikuwa anadai nini.

KAISARI NA VIATU VYA WATUMWA

Katikati ya karne ya 10, Kaisari Constantine VII wa Bizanti, aliyetawala kutoka Constantinople, alimwandikia mwanawe Romanos kitabu cha mafunzo ya utawala. Si kitabu cha historia kwa maana tunayoijua sisi. Ni mwongozo wa tabaka tawala: jirani yupi apewe zawadi, yupi aogopwe, yupi agombanishwe na mwenzake. Humo Kaisari anaeleza kwamba katika lugha ya Warumi jina la Waserbia maana yake ni watumwa. Kwamba hata viatu duni vya watumwa viliitwa serbula. Na kwamba Waserbia walipata jina hilo kwa sababu walikuwa watumwa wa Kaisari wa Warumi.

Uongo huu hauhitaji ubishi mrefu. Historia ya Wafranki inayojulikana kwa jina la Fredegar inamtaja kiongozi aitwaye Dervan, mkuu wa watu walioitwa Surbi, katika habari za mwaka 631 hivi. Watu hao waliishi kando ya mto Elbe, katika Ujerumani ya leo, mahali ambapo Kaisari wa Constantinople hakuwa na mtumwa hata mmoja wala mtoza ushuru. Wajukuu zao, Wasorbi, wangali wanaishi mashariki mwa Ujerumani, ingawa Wajerumani kwa karne nyingi waliwaita Wenden na si kwa jina lao. Halafu katika taarifa za kifalme za Wafranki za mwaka 822 tunakuta Sorabi wengine, walio mbali sana kusini, ambao inasemekana walishika sehemu kubwa ya Dalmatia. Jina moja, pande mbili zilizo mbalimbali. Ni dhahiri kwamba Waslavi hawa walikuwa nalo kabla hawajasogea karibu na mipaka ya Bizanti. Asili yake hasa wanaisimu wangali wanaijadili, lakini viatu vya Kaisari havimo katika mjadala huo.

Kwa nini basi Kaisari aliyesoma sana aandike jambo kama hilo? Isome sura ile yote utapata jibu. Anasema Waserbia walifika katika enzi ya Heraclius, aliyetawala kuanzia mwaka 610 hadi 641, na kwamba Heraclius ndiye aliyewapa ardhi ya kukaa. Aliyepewa ardhi ni mpangaji, na mpangaji ana mwenye nyumba. Ukiongeza kwamba hata jina lake ni mtumwa, umekamilisha hati ya kumiliki nchi na watu wake pamoja. Kaisari alikuwa anaandika madai, akayavisha nguo za elimu ya lugha.

Kijana wetu wa semina alikuwa pia amechanganya jambo hili na jingine ambalo ni kweli. Jina la Waslavi wote kwa jumla, ambao Waserbia ni tawi lao, lilitumika katika Kilatini cha zama za kati kwa namna ya sclavus, na kutoka hapo likazaa neno la mtumwa katika Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani na Kitaliano. Waarabu nao waliwaita Saqaliba, na huko Hispania ya Kiislamu jina hilo lilimaanisha watumwa waliotoka kaskazini. Hapo mwendo ni wa kinyume. Watu hawakuitwa Waslavi kwa kuwa walikuwa watumwa. Walitekwa na kuuzwa wengi mno hata jina lao likageuka kuwa jina la bidhaa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa biashara ya aina hiyo.

WASOMI WALIOTAZAMA WATU WAKAONA VITABU

Waandishi wa Bizanti waliofuata hawakupenda hata kulitamka jina la Serbia. Anna Komnene, binti wa Kaisari, aliyeandika habari za baba yake karibu mwaka 1148, mara nyingi anawaita Wadalmatia. Wengine wakawaita Triballi, na Laonikos Chalkokondyles alifanya hivyo bado katika karne ya 15. Triballi ni kabila la kale lililopigana na Aleksanda Mkuu mwaka 335 kabla ya Kristo. Kati ya kabila hilo na Waserbia wa Chalkokondyles kuna zaidi ya miaka 1,700. Lakini msomi wa Constantinople alifundishwa kwamba jina zuri ni lile lililomo katika vitabu vya Wagiriki wa kale. Ndiyo maana Chalkokondyles huyohuyo aliwaita Wahungaria kwa jina la Paiones, watu wengine wa kale kabisa. Ni kasumba ya kisomi: mtu anamtazama jirani aliye hai mbele yake, anamwona marehemu wa kitabuni.

Kasumba hiyo ilikuwa na faida yake ya kisiasa. Mwaka 1346 Stefan Dušan alitawazwa mjini Skopje akajiita Kaisari wa Waserbia na Wagiriki. Ukimwita mtu wa namna hiyo Mtriballi, umemrudisha miongoni mwa washenzi bila kutumia askari hata mmoja.

Historia ina mzaha wake hata hivyo. Jina Triballi lilihamia Ulaya ya Magharibi, likatungiwa nembo ya ufalme: kichwa cha nguruwe mwitu kilichochomwa mshale. Mwaka 1741 Hristofor Žefarović aliichapa nembo hiyo katika kitabu chake cha nembo za nchi za Waslavi. Wakulima wa Serbia walipoasi mwaka 1804 na kuunda baraza lao la uongozi mwaka 1805, muhuri wa baraza ukawa na nembo mbili, mojawapo ikiwa kichwa hicho cha nguruwe. Kwamba Karađorđe, kiongozi wa maasi, alikuwa mfanyabiashara wa nguruwe ni sadfa tu, ingawa wanafunzi wangu hawakubali kwamba ni sadfa. Lililo muhimu ni kwamba jina lililobuniwa kuwadharau liliokotwa na waasi, wakalitumia kupigia mhuri amri zao.

RAS NA WANAJESHI WA KUKODIWA

Upande wa kaskazini na magharibi lilienea jina jingine. Karibu na mji wa leo wa Novi Pazar kuna magofu ya ngome ya Ras, kitovu cha dola ya mwanzo ya Waserbia. Kutokana nayo waandishi wa Kilatini walipata Rascia, na watu wake wakaitwa Rasciani. Wahungaria wakasema Rác, Wajerumani Raitzen. Jina la ngome moja likawafunika watu wote.

Wafalme wa Hungaria walikuwa na hamu na nchi hiyo kwa muda mrefu. Mfalme Emeric alijiongezea cheo cha mfalme wa Serbia mwaka 1202, na warithi wa taji la Hungaria waliendelea kukibeba cheo hicho karne kwa karne, hata pale ambapo hawakuwa na shamba moja huko. Lakini Rác wa kweli alifika kwao akiwa mkimbizi. Baada ya Smederevo kuanguka mikononi mwa Waturuki mwaka 1459, na zaidi sana mwaka 1690, familia nyingi zilivuka mito Sava na Danube. Katika wimbi la mwaka 1690 majeshi ya Habsburg yaliyokuwa yamefika mpaka Skopje yalirudi nyuma, na wananchi waliokuwa wamewaunga mkono wakabaki hatarini. Wakaondoka wakiongozwa na Patriaki wao, Arsenije III Čarnojević. Kaisari Leopold I akawapa hati ya haki: dini yao, kalenda yao ya kale, na uwezo wa kumchagua askofu wao mkuu. Hati hiyo ni ya Agosti 1690, na jina lililotumika ni la Rasciani.

Ukarimu ule haukutoka moyoni. Habsburg walihitaji askari wa bei nafuu dhidi ya Waturuki, na hati ilikuwa mshahara. Vita vilipopoa, makabaila wa Hungaria na maaskofu wa Kikatoliki walianza kuzibana haki hizo moja baada ya nyingine, nao Rasciani wakawa watu wa kuleta madai kila mwaka huko Vienna. Katika karne ya 18 ofisi ya kushughulikia madai hayo iliitwa ya Illyria, jina jingine la kale lililofufuliwa makabrashani, na watu wakaitwa taifa la Illyria mpaka ofisi ilipofungwa mwaka 1777. Sitakaa sana juu ya jina hilo. Lilikuwa la makarani.

MVLAHI: JINA LA KODI

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, na namwomba msomaji asiharakishe.

Neno Vlah lilitoka kwa Wajerumani wa kale, waliolitumia kwa wageni wenye kusema lugha za asili ya Kilatini. Waslavi wakalichukua, wakawaita hivyo wafugaji wa milimani waliokuwa wakisema lugha za namna hiyo. Hivyo mwanzoni Waserbia ndio walioita, si walioitwa. Katika Serbia ya zama za kati Wavlahi walikuwa na sheria yao: walichunga kondoo na farasi, walibeba mizigo ya bwana, hawakulima shamba lake. Hati ya Mfalme Milutin kwa monasteri ya Banjska, ya mwanzoni mwa karne ya 14, inamkataza Mserbia kuoa kwa Wavlahi. Mtu mwenye macho ya kibaguzi ataona hapo damu na ukabila. Soma kwa macho ya kitabaka. Mserbia katika hati hiyo ni mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya monasteri. Akioa kwa wafugaji atahamia kwao milimani, na abati atapoteza jembe moja. Tangu hapo majina haya mawili yalikuwa yanataja kazi na ushuru kuliko yalivyotaja ukoo.

Waturuki walipoitwaa nchi, waliikuta desturi hiyo wakaipanua. Mahali palipobaki patupu baada ya vita, na kando ya mipaka, waliwaweka watu kwa masharti ya Uvlahi: kila kaya ilipe sarafu moja ya dhahabu kwa mwaka pamoja na ushuru mdogo wa mifugo, na iwe tayari kulinda njia na mpaka. Mzigo huo ulikuwa mwepesi kuliko ule wa mkulima wa kawaida. Basi wakulima wengi wenye kusema Kislavi, ambao babu zao hawakuwahi kusema neno la Kilatini, wakaandikwa Wavlahi katika madaftari. Nani angekataa?

Baadaye wengi wa watu hao walivuka kwenda upande wa Habsburg, na jina likavuka nao. Mwaka 1630 Kaisari Ferdinand II alitoa sheria ya Wavlahi kwa walowezi walioishi kati ya mito Sava na Drava. Waliruhusiwa kuchagua wakuu wa vijiji vyao na mahakimu wao. Kwa upande wao walipaswa kushika silaha kila mara Waturuki wanapokaribia. Makabaila wa Kroatia pamoja na Askofu wa Zagreb walipinga kwa nguvu zote. Ardhi wanayoikalia watu hawa, walisema, ni yetu, kwa hiyo nao ni watwana wetu, walipe na kutumika kama watwana wengine. Mapambano hayo yalidumu vizazi kadhaa. Upande mmoja kabaila anayetaka jembe, upande wa pili dola inayotaka bunduki, na katikati mkulima anayeshikilia jina Mvlahi kwa mikono miwili kwa sababu ndilo linalomwepusha na utwana. Jimbo la mpakani lilivunjwa na kuunganishwa na Kroatia mwaka 1881, na faida ya jina hilo ikakoma.

Ilibaki kejeli. Katika Bosnia na Dalmatia Waislamu na Wakatoliki walizoea kumwita Mwothodoksi Mvlahi, na Waveneti walikuwa na jina lao la Morlacchi kwa watu wote wa milima ya Dalmatia, Waorthodoksi na Wakatoliki pamoja. Kisha wakaja wazalendo uchwara wa pande mbili. Huyu wa Kroatia anasema: tazameni madaftari, hawa hawakuwa Waserbia, walikuwa Wavlahi ambao kanisa liliwageuza. Yule wa Serbia anajibu: kila Mvlahi wa madaftarini alikuwa Mserbia tangu siku ya kwanza. Wote wawili wanasoma orodha ya walipa kodi kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Chini ya sheria ileile walikuwamo Waserbia, walikuwamo wafugaji wa asili ya Kilatini, walikuwamo Wakatoliki. Makabila walikuwa nayo kweli, lakini karani hakuwauliza habari hizo. Aliuliza una kondoo wangapi.

RAIA NA RAJA

Kuna neno jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atashangaa kulikuta huko. Waturuki waliwaita walipa kodi wa dola yao reaya, kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake ni kuchunga: kundi na mchungaji wake. Kwanza lilikuwa jina la wanyonywaji wote, Waislamu kwa Wakristo. Baadaye likaelekea zaidi kwa Wakristo. Waserbia na majirani zao wakalitamka raja. Ni ndugu wa neno letu raia, lililofika pwani yetu kutoka Kiarabu hichohicho. Sisi tumelipandisha cheo, kwani raia kwetu ni mwenye haki mbele ya sheria. Katika Balkani ya karne ya 18 raja alikuwa mtu anayekamuliwa.

Karibu nalo lilikuwapo jina la Mgiriki. Kwa sheria ya Waturuki, Waorthodoksi walihesabiwa kwa dini, na Patriaki wa Constantinople ndiye aliyetambuliwa kuwa mkuu wao. Waserbia walikuwa na kiti chao cha Patriaki huko Peć, kilichofufuliwa mwaka 1557, lakini kilifutwa mwaka 1766. Hungaria nako kila mfanyabiashara Mwothodoksi kutoka kusini aliitwa Mgiriki, awe Mgiriki kweli au Mserbia. Neno hili dogo la dini tulishike vizuri. Tutakutana nalo tena, na safari hiyo haliko mikononi mwa wachuuzi.

JINA KUPIGWA MARUFUKU

Serbia ilipata mamlaka ya ndani mwaka 1830, na katika Mkutano wa Berlin wa mwaka 1878 ikatambuliwa kuwa dola huru. Mkutano huohuo uliiruhusu Austria-Hungaria kuikalia Bosnia. Kuanzia mwaka 1882 hadi 1903 Bosnia ilisimamiwa na Benjamin Kállay, Mhungaria, mtu hodari aliyewahi kuwa balozi mdogo mjini Belgrade na kuandika kitabu cha historia ya Waserbia. Kállay aliona hatari ya Waserbia wa Bosnia kuitazama Belgrade. Mbinu yake ilikuwa kuwatangazia watu wote wa Bosnia, wa dini zote tatu, kwamba wao ni Wabosnia tu. Lugha yao ikaitwa ya nchi au ya Kibosnia, na jina la Mserbia likabanwa katika shule na vyama. Inasimuliwa kwamba alikipiga marufuku Bosnia hata kitabu chake mwenyewe. Mtu anaweza kusema, je, umoja wa dini tatu si jambo jema? Ni jema, likitoka kwa wananchi katika mapambano yao. Wakati huo ardhi ilibaki mikononi mwa makabaila walewale, na mkulima aliendelea kutoa theluthi ya mavuno kwa aga wake. Umoja wa jina bila ardhi haukumshawishi mtu aliyekuwa na njaa.

Waingereza nao wakati huo waliandika Servia. Herufi ya Kigiriki husomeka hivyo, hivyo kosa halikuwa la makusudi, lakini Waserbia walilichukia kwa sababu lilikumbusha utumishi na utumwa: viatu vya Constantine vimerudi. Malalamiko hayakusikika. Mwaka 1914 Serbia ikawa mshirika wa Uingereza vitani, na ghafla magazeti ya London yakaanza kuandika Serbia. Miaka yote ya malalamiko haikufanya lile ambalo haja ya askari ilifanya kwa miezi michache.

Jambo la kutisha lilikuja mwaka 1941. Ujerumani ya Hitler na Italia ya Mussolini ziliivunja Yugoslavia, na katika Kroatia na Bosnia wakawaweka vibaraka wao Ustaša. Mwezi Aprili utawala huo ulipiga marufuku maandishi ya Kisirili. Mwezi Julai ukaagiza kwamba dini ya Waserbia isiitwe tena ya Kiorthodoksi ya Serbia bali ya Kigiriki ya Mashariki. Wakati makarani wanabadilisha maneno kwenye fomu, wauaji walikuwa tayari vijijini. Makadirio ya Jumba la Makumbusho ya Holokosti la Marekani ni kwamba Waserbia kati ya 320,000 na 340,000 waliuawa chini ya utawala huo. Yale majina yote ya zamani yalitumika: kwamba ni Wavlahi, ni Wagiriki, ni wageni, kwa hiyo hawapo. Ukishaandika kwamba watu fulani hawapo, kazi iliyobaki ni ya kisu.

ALIYEITWA NAYE AKAITA

Ningeishia hapo, makala haya yangekuwa nusu ya ukweli, na kada hapewi nusu ya ukweli. Wazalendo wa Kiserbia walikuwa na jina lao kwa Waislamu wa Bosnia: Waturuki. Watu hawa husema lugha ileile ya Waserbia, wamekaa katika mabonde yaleyale, na walio wengi babu zao ni Waslavi waliosilimu. Kuwaita Waturuki kulikuwa na maana moja, kwamba kwao ni kwingine na wanapaswa kwenda huko. Četnik walitumia jina hilo walipoua wanavijiji Waislamu mashariki mwa Bosnia mwaka 1942 na 1943. Tarehe 11 Julai 1995 Jenerali Ratko Mladić alisimama Srebrenica mbele ya kamera akazungumza juu ya kulipiza kisasi kwa Waturuki. Katika siku zilizofuata waliuawa wanaume na wavulana zaidi ya 8,000. Mahakama ya kimataifa ya The Hague imehukumu kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari, na Mladić mwenyewe akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2017.

Nilipofika hapa katika semina, kijana yule aliyeuliza juu ya utumwa alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali la pili: "Kwa hiyo kila jina ni sumu?" Nikamwambia hapana, tazama yalipofikia mengine. Hungaria leo kuna watu wengi wenye jina la ukoo Rácz ambao hawajui Kiserbia hata salamu. Mjini Budapest kuna hamamu iliyopewa jina la Rác, na kuna samaki wa kuoka kwa viazi na paprika mwenye jina la Rác. Katika visiwa vya Dalmatia, mkazi humwita Vlaj kila mtu anayetoka bara, hata akiwa Mkatoliki kama yeye. Na mjini Sarajevo neno raja lingalipo, lakini Waturuki wameondoka tangu mwaka 1878 na hakuna tena anayetozwa kwalo. Sasa kijana wa huko akisema raja anamaanisha wenzake wa mtaani, wale anaokaa nao kibarazani jioni.